Mstari wa 412

Swali la kwanza, la wastani. Akapata.
Kompyuta ikampandisha ngazi. Akapata tena.
Kufika la tisa, umeme wa Kigogo ukakatika,
Siwema akabaki anatazama uso wake
kwenye kioo cheusi.

Mimi nipo Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
jenereta linanguruma, chai imepoa.
Kwangu yeye ni mstari wa 412:
majibu manane, kisha nafasi tupu.

Bwana Kihampa anasema: penye tupu weka sifuri.
Au futa mstari mzima, wastani utapendeza.
Kweli unapendeza. Nimejaribu.
Kigogo karibu yote ikatoweka, na Jangwani nusu,
Masaki ikabaki imekaa sawasawa,
na jiji likaamka lina akili kuliko jana.

Mtihani huu hufuata nyayo zako hatua kwa hatua;
ukikupoteza njiani,
unaapa hukutembea.

Kukatizwa si kukosea.
Naliacha tundu kama lilivyo, naandika pembeni:
hapa palikuwa na mtu, na alikuwa anapanda.

Nahifadhi upesi,
dizeli nayo imebaki kidogo.