Siku ya Tatu, Jembe

Kifuani nina kibao cheusi: Mzee Pugmire.
Nina miaka kumi na tisa, ndevu zangu zinahesabika.
Mwenzangu, Mzee Okelberry, humlilia mbwa wake
usiku, akidhani nimelala.

Miskolc, mwezi wa kumi. Majengo ya zege mlimani Avas,
ghorofa kumi, lifti mbovu. Hapa hakuna hodi;
kuna vitufe vya chuma, safu mbili, na majina
ambayo ulimi wangu huyavuka
kama mtu avukaye mto juu ya mawe ya utelezi.
Unabonyeza. Ukuta unakohoa: Nani?
Una sekunde nne za kumweleza Mungu.

Ghorofa ya tisa: hapana.
Ya nane: mtoto anasema mama amesema hayupo.
Ya saba: tundu la kuchungulia linaingia giza,
kisha slipa zinarudi nyuma polepole, kwa adabu,
kama za mtu anayetoka msibani mapema.
Ya sita: mwanamume kifua wazi anauliza
kama tumetumwa na kampuni ya gesi.
Laiti.

Ya tano: Hegedűs Etelka.

Sentensi yangu niliikariri tangu alfajiri:
tumekuletea imani yetu.
Lakini kwao imani ni *hit*, daraja ni *híd*,
kati yake pana unywele,
nami unywele ule niliukata.
Tumekuletea daraja letu, nikasema.
Bibi akatazama mikono yetu mitupu.
"Mmeliacha wapi?"
Akacheka hadi akashika fremu ya mlango,
ndipo akatoa mnyororo.

Kahawa? Hatunywi.
Chai? Hatunywi.
Kileo cha plamu, alichokipika marehemu mwenyewe?
Tukatikisa vichwa.
"Sasa mnaishije?" Akatutilia sharubati nyekundu,
akakisoma kibao changu kwa sauti.
"Mzee. Mzee alikuwa mume wangu.
Wewe mtoto, na soksi ya mwenzako imetoboka."

Siku ya pili nilisimulia habari za kijana
aliyepiga magoti msituni akiuliza kanisa lipi ni la kweli.
Bibi alisikiliza akishona soksi ile.
Alipokata uzi kwa meno akauliza swali moja:
miaka thelathini na moja kwenye tanuri za chuma,
mapafu meusi, vitambaa vyenye damu chini ya mto;
je, huko aliko, Béla bado anakohoa?

Nikafunua kurasa. Nikafunua tena.
Okelberry, ambaye hajui sarufi hata kidogo,
akasema: Hapana, Bibi. Hakohoi.

Siku ya tatu akatupa jembe.

Shamba lake liko nyuma ya mlima, upana wa chumba.
Baba yangu, kule Idaho, ana ekari mia nane za viazi
na mashine kubwa kama kanisa ya kuvichimbua;
mimi niliikimbia harufu ile nikavuka bahari,
na hii hapa, imefika kabla yangu.
Nilikunja mikono ya shati jeupe alilonipigia mama pasi.
Nilijua pa kupiga bila kukikata kiazi.
Saa tatu nzima hakuna aliyenisahihisha neno.
Bibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akisema na mtu asiyekuwepo,
akituonyesha kwake kwa kidole: hawa, hawa.

Kwenye fomu ya wiki pana safu ya mafundisho,
safu ya wanaokuja kanisani, safu ya tarehe za ubatizo.
Viazi havina safu.
Nikaandika sifuri, nikaifuta, nikaiandika tena.

Jioni ile ghorofa ya nne ilikuwa bado.
Nikabonyeza kitufe kwa kidole chenye udongo.
Nani? ukuta ukakohoa.
Sentensi ilikuwa imenitoka kabisa,
na mfuko ulikuwa mzito begani.
"Tuna viazi," nikasema.
Kimya kirefu. Kisha mlio wa kufuli,
au ni lifti, sijui.