Kigeu cha Saba

Saa tano usiku, ghorofa ya tatu, Shimanzi.
Feni inasaga joto bila kulipunguza.
Juu kabisa nimeandika: punguza gharama.
Ndilo lengo, mstari mmoja,
umetoka Rotterdam na nukta yake.

Chini yake vikwazo, mia nne na kumi na viwili:
meli haibebi zaidi ya hiki,
chai hailali ghalani zaidi ya siku hizi,
ushuru, mafuta, dola ikipanda, reli ikikwama.
Kila ghala lina herufi na namba.
Letu ni y-saba.
Moja, libaki. Sifuri, lifungwe.

Mara ya kwanza niliilegezea mashine kamba,
ikanipa sifuri nukta nne tatu.
Nikacheka peke yangu.
Ghala lililo wazi chini ya nusu,
Tabu Mwachiro kaingiza mguu,
kiwiliwili bado kiko barabarani.

Tabu, mwonjaji. Miaka ishirini na tisa
huivuta chai kijikoni kwa kishindo,
huitema ndooni, husema:
"Hini ilichumwa mvuani."
Au: "Hini imelala na vitunguu."
Nilitafuta safu ya kuliandika hilo.
Jedwali likauliza: kwa kipimo gani?

Nikakaza kamba. Dakika sita.
Sifuri.
Uchanganyaji wote uende Jebel Ali.

Hesabu haikukosea. Naomba hilo lieleweke.
Niliikagua mara tatu nikitafuta kosa,
kama mtu apapasaye mfuko
anaoujua mtupu.

Kisha nikaongeza kikwazo kimoja,
cha mia nne na kumi na tatu:
y-saba sawa na moja.
Nilitaka tu kuona ingegharimu nini.
Ikanijibu kwa dola, kwa mwaka.
Nikaigawa kwa makontena,
ikatoka bei ya sahani ya pilau
kwa kila kontena moja,
pilau ya Makupa, isiyo na nyama.

Sikukifuta.

Kesho saa nne, kwenye skrini, watauliza
nani amekiweka hiki, na kwa nini.
Safu ya sababu ina nafasi ya herufi arobaini.
Nimeandika "ubora", nikafuta.
Nimeandika "Tabu", nikafuta.

Kikombe changu kimepoa.
Naivuta chai kwa kishindo, alivyonifundisha,
naizungusha chini ya ulimi,
naitafuta ile mvua.