Kabla ya Kugema

Mwanzi una adabu yake:
usipoukata ncha asubuhi na jioni
kidonda chake kinafunga,
na mbeta unaikuta kavu kama kikohozi.

Mama alinifundisha hivyo, hapa hapa Kilolo,
ukungu ukiwa bado umelalia mahindi.
Hakunifundisha habari za kopo.

Kopo ni jeupe. Lina vidonge thelathini
na pamba niliyoisokomeza mwenyewe,
maana vilicheza kayamba njia nzima
kutoka zahanati, na kijiji kina masikio.

Nesi Mgovano alinitoboa kidole, tukasubiri.
"Huna," akasema. "Basi tukulinde ubaki huna.
Kimoja kila siku. Usiruke."
Nikacheka. Niruke? Mimi, mgema?

Luhwago anapakia mbao Mafinga,
anashusha Tunduma, analala foleni mpakani
siku nne, siku sita.
Sijamfumania. Sijamwuliza.
Hurudi na shuka jipya, na sabuni,
na harufu ya mafuta ambayo si ya gari.
Kondomu nilipoitaja aligeukia ukutani,
akaongea na ukuta mpaka kukakucha.

Juma la kwanza kichefuchefu kilinikaba.
Wifi Semeni aliniona nikitapika nyuma ya jiko,
akatabasamu, akahesabu miezi kwa vidole,
akaanza kunitunzia mayai.
Sikumsahihisha. Niliyala.

Mwezi wa pili mume wangu alilikuta kopo
ndani ya gunia la ulezi.
Akalitikisa. Siku hiyo pamba nilisahau.
"Unaumwa?"
"Siumwi. Ndiyo maana nameza."

Mvua ikapiga bati. Alikaa kwenye kigoda
akizungusha kopo, akizungusha,
kama mtu anayetafuta mahali lilipoandikwa jina lake.
Kisha akalirudisha kwenye ulezi,
akalifukia vizuri kuliko nilivyolifukia mimi.

Hatujalisema. Mpaka leo.
Ila safari hizi akifika, kabla hajavua viatu,
huuliza, "Umekata mwanzi?"
na haangalii upande wa mianzi.

Nesi anasema ipo sindano,
unachomwa, unakaa miezi miwili.
Ikifika huku nitaifikiria.
Kwa sasa mkono umeshazoea:
kidonge, funda la maji, kisu, mlango.
Nje baridi inang'ata masikio,
tone linaning'inia kwenye ncha,
halijaamua.