Karanga za Franga Mia Mbili

Nusu nilikwisha kuzitafuna, nikiteremka Kadutu kwenye matope,
ndipo jicho likaona wino.
Karatasi imekunjwa koni, rangi ya chai iliyosahauliwa,
mwandiko umelala upande kama majani yaliyopigwa na mvua:
Juni tatu, elfu moja mia tisa arobaini na nane,
maganda ya kwinini, kilo, majina,
na penye sahihi, madole gumba kumi na moja,
kila moja na mistari yake kama shamba la mteremkoni.
Jina la mwisho limechanika: Lwa—
Kisha hakuna kitu. Harufu ya mafuta.

Nikamrudia M'Lwaboshi kwenye beseni lake.
"Mama, hizi karatasi unazitoa wapi?"
"Karatasi ni karatasi. Gazeti linaacha weusi kwenye karanga.
Hii ya Bulamatari ni ngumu, haivuji."
Kisha, bila kuinua macho:
"Kuna mzee mmoja wa kule biro anakula karanga kuliko tumbili.
Yule nimempandishia bei."

Nyumba ya kumbukumbu iko nyuma ya ukuta wa ukungu,
madirisha yanalitazama ziwa, vioo viwili ni mbao.
Wakati wa vita askari walilala humu majuma matatu.
Usiku wa Bukavu una meno. Walichemsha maharage
kwa kodi ya mwaka ishirini na saba,
kwa kesi za ng'ombe, kwa barua za mwami aliyelalamika kwa adabu,
kwa ramani ya barabara
ambayo hadi leo haijafika.
Maharage, nasikia, hayakuiva.

Cirimwami alikuwa amevaa sweta la kijani, viwiko nje.
Mabeseni manne sakafuni, kila tone na sauti yake,
naye akipita kati yao bila kutazama,
kama mtu apitaye kati ya watoto waliolala.
Akavuta mtoto wa meza:
karanga. Kilo tano, labda sita, za kukaanga, zimepoa.
Na chini yake kurasa, zimepigwa pasi ya makaa
juu ya kitambaa chenye unyevu,
lakini bado zina kovu la koni, pembe hadi pembe.

"Mimi karanga zinanichoma kifua," alisema.
"Tangu Pasaka sijala hata moja. Jaza mifuko."
Nikamuuliza mshahara.
"Serikali nayo imeandika jina langu mahali," akacheka,
"sijui wamefungia nini."

Akaikunjua yangu taratibu, kama mtu afunguaye kidonda cha mwingine.
Alikwenda, akakaa sana. Mvua ikaongeza.
Alirudi na kipande kisichozidi kiganja,
akavisogeza mezani, ukingo kwa ukingo,
na nyuzi za karatasi zikashikana:
Lwa na boshi.
Lwaboshi, kilo sita. Deni, kilo mbili. Fimbo nne.
Na dole lake, zito kuliko yote,
kana kwamba alilikandamiza mpaka upande wa pili.

Nilimtazama mzee. Naye alikuwa amekwisha kujua.
"Akina Lwaboshi ni wengi," alisema,
"wamejaa Walungu nzima."
Akanyamaza. Akahamisha beseni moja kwa mguu.
"Kesho nitakwenda kumsomea. Nimeshindwa mara tatu.
Nikifika pale nanunua karanga, narudi."

Akafungua daftari la mapokezi:
Ukurasa mmoja, umeunganishwa, una mafuta.
Umeletwa na —
na hapo peni ikagoma.
Akaipulizia. Akaikwangua kwenye kiganja.
Nikasubiri jina langu liingie pale chini ya mengine,
dole gumba langu bado lina chumvi.