Kohoa Tena

Babu sikumkuta. Nilichorithi ni stetoskopu
na soksi ya sufi iliyotoboka kidoleni.

Katika soksi hiyo, Sakania, mwaka wa thelathini na moja,
mama yake alificha viazi vitatu vya mbegu
mtu wa forodha asivione.
Fintan alikuwa na miaka saba. Meli, treni, treni tena,
na nyuma huko Ireland, gatini,
dada yake Nuala, daktari wa bandari amemkatalia:
huyu anakohoa.

Viazi havikuota. Udongo mwekundu haukuvitaka.
Mtoto ndiye aliyeota.
Akajifunza Kiswahili jikoni, bukari kwa vidole,
udaktari Ulaya, akarudi Lubumbashi,
akamwoa Ngalula, nesi wa Katuba,
mahari kwa mafungu, la mwisho baada ya mama kuzaliwa.

Wachimbaji walimletea vifua vilivyojaa vumbi.
Wenzake walisikiliza dakika moja, wakaandika.
Yeye alifumba macho,
akakisogeza kile chuma baridi mgongoni, polepole,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

“Kohoa,” alisema. “Tena.”

Wagonjwa walisema: bingwa huyu, hana haraka.
Bibi Ngalula tu, akijaza kadi pembeni,
alijua nani anaitwa.