Kompresa, Tani Ngapi

Nilipoingia dukani Ruwi nikataka kompresa,
kijana alinipeleka nyuma, penye mitungi ya gesi,
akanionyesha pipa jeusi la kiyoyozi,
tani mbili, dhamana mwaka, kufungiwa bure.
Si hii, nikamwambia. Yangu haipoozi chumba.
Yangu hukaa baina ya ngoma na rekodi
kama shangazi kwenye shughuli ya ndoa:
apigaye kelele humfinya paja,
anong'onaye humsogezea kiti.

Akacheka, akaninyooshea kidole orofa ya tatu,
kwa Biju, fundi wa redio za meli,
asiyeuza kitu kabla hujakisikia.
Chukua zote mbili, Alhamisi hadi Jumapili.
Utakayoirudisha na mkwaruzo, umeinunua.

Moja nyembamba, vitufe vinne, haina subira:
dundo halijamaliza kuzaliwa
imeshalikaba shingo.
Nyingine nzito, mkono wangu wa kushoto
bado unazikumbuka zile ngazi.
Ndani yake kijitaa huwaka, na mwanga ndio unaoamua;
huchelewa kushika, huchelewa zaidi kuachia,
kama mgeni anayeaga na mkono wako bado anao.
Nyembamba mia tatu na arubaini.
Nzito riali mia sita na ishirini,
na kitasa kimoja kimeshikizwa kwa gundi.
Mimi nina mia nne, na gari isiyouzika.

Chumba changu Al Hail kilikuwa cha mtumishi.
Nimekivika magodoro na zulia la marehemu bibi.
Kurekodi, lazima kiyoyozi kizimwe,
na huu ni mwezi wa nane.

Ijumaa baada ya sala akaja Mubarak bin Faraj,
kutoka Sohar, na rahmani yake na kasiri.
Ngozi zimelegea kwa mvuke wa bahari;
akazianika juu ya boneti,
dakika kumi zikalia kama mlango wa shaba.

Nyembamba kwanza. Uwiano nne kwa moja.
Kasiri ikaja mbele, imefunga mkanda, imesimama wima,
nami nikasema, ndiyo hii, pesa imepona.
Kisha rahmani: sindano ikaruka, tumbo likatoweka,
ikabaki ngozi tupu, kama mtu aliyetajwa jina
akaitika kwa kikohozi.
Udi wa Azzan ndio usiseme. Ililamba kila ncha ya risha.

Nikahamisha waya kwenye nzito,
nikateremsha kizingiti, polepole,
na kila kikubwa kilipoinama
vidogo vikaanza kuinuka:
kiti, pumzi, jasho likidondokea zulia,
na baina ya pigo na pigo, kooni mwa Mubarak,
mosi.
Pili.
Tatu.

Nikasimamisha, nikarudisha nyuma.
Unahesabu? nikamwuliza kwa Kiarabu chetu.
Kiswahili yeye hakijui, hata salamu.
Nihesabu nini? Ni sauti za mkono tu.
Baba alizitoa, na baba yake.
Bila hizo mkono haurudi.

Mama alikuwa mlangoni na jagi la barafu.
Spika ikasema tatu, naye bila kufikiri,
kama anayemsahihisha mtoto, akasema: nne.

Mubarak akageuka, akamtazama kwa muda.
Hiyo sisi hatuna, akasema.
Hapo ndipo pigo.

Tukarekodi hadi maji yakaisha.

Jumapili niliirudisha nyembamba, haina mkwaruzo,
nikaipangusa vumbi kabla ya kumkabidhi,
kwa sababu kwa kasiri nitaikumbuka, naapa.
Mia tatu na sabini mkononi,
hamsini hamsini kwa miezi mitano.
Udi nitaupitisha wapi, sijui bado.
Biju akamsomea karani mpya aandike:
kompresa moja, imetumika.
Karani akalowesha kidole, akafunua ukurasa.
Tani ngapi?