Dozi ya Pili

Bizari alianza kujiburuza Jumatatu,
makalio chini, miguu ya mbele ikivuta,
toka mlango wa jiko hadi kwenye bomba la uani.
Mundhir, mwanangu, akasema: anaendesha gari.
Tukacheka. Sikujua tunacheka nini.

Tulimwokota wadini, hapa hapa Al Khudh,
mvua ya mwaka ilipokwisha kupita na mawe yake.
Rangi ya bizari, masikio hayajaamua pa kusimama.
Mama alisema mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa,
basi tukamwambia analinda mbuzi,
mbuzi watatu ambao humkanyaga wakipita.

Jumatano nikaliona tumbo.
Mbavu unazihesabu, tumbo limejaa kama kiriba,
na bakuli analiramba mpaka bati linalia.
Manyoya yamekufa, zulia lililosahauliwa juani.
Alfajiri akatapika kando ya makubadhi ya mume wangu
tambi tatu nyeupe.
Moja ikajikunja.

Mama yu dirishani, hashuki, ana udhu wake.
"Mwinue mkia. Kuna nini?"
Punje. Kavu, za manjano,
kama ufuta uliobaki kwenye sinia ya mkate.
"Na ufizi?"
Nikaupandisha mdomo kwa kidole ndani ya mfuko wa nailoni.
Mweupe kama sahani.

"Chango. Tegu. Safura."
Majina matatu aliyovuka nayo bahari
pamoja na cherehani na mto wa sufi.
Nami nayajua kwa tumbo langu mwenyewe:
kubanwa pua, kijiko, ule uchungu,
na kesho yake kuchunguzwa chooni bila aibu.
"Sasa msagie kitunguu thaumu," akasema,
akafunga dirisha kama aliyemaliza kazi.

Maabela, Daktari Sreelatha
alikikataa kitunguu kwa mikono miwili.
Kinaweza kula damu ya mbwa, alisema,
na huyu damu yenyewe ya kuokoteza.
Akapokea kopo langu la mtindi, lisilo na mtindi,
akaniita kwenye hadubini.
Mayai. Yametulia, kila moja na ganda lake,
kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.
Mizani ikasema kilo kumi na moja na robo.
Dawa hupimwa kwa uzito, si kwa huruma.

Kidonge nilikificha ndani ya jodari wa kopo.
Alikula jodari, akakitema kidonge
kikavu, safi, kama kokwa ya tende.
Ndani ya ini, akakitema.
Mara ya tatu Mundhir alimshika taya, mimi koo,
tukamsugua shingo mpaka akameza,
akatutazama kama tuliomwibia kitu.

Siku mbili nilizoa uani kwa koleo
vitu ambavyo sitavieleza kwenye shairi.
Blanketi likachemshwa. Viroboto vikatiwa dawa,
maana tegu hupanda kiroboto kama wewe unavyopanda teksi.
Mundhir akakatazwa kutembea peku mchangani,
akanawa mikono mpaka akalalamikia sabuni.
Ufizi ukaanza kupata rangi, kidogo kidogo.
Na mimi, nilipomwona anamkimbiza mbuzi,
nikadhani yamekwisha.

Daktari alisema: wiki mbili, kisha rudia.
Dawa huua wakubwa; wadogo waliojificha mwilini
huja baadaye, kimya, kuchukua nafasi.
Nikasahau. Mitihani ya mtoto, harusi ya Nizwa,
kiyoyozi kilichoharibika Agosti, ya watu wote, Agosti.

Alhamisi niliingia chumbani kwa Mama kutafuta uzi.
Ukutani, kalenda ya duka la halwa,
tarehe ya kesho imezungushiwa wino mwekundu,
na ndani ya duara, kwa herufi za Kiarabu
alizofundishwa kuandikia Kiswahili chuoni utotoni,
mwanamke ambaye hajawahi kumgusa mbwa
hata kwa ncha ya fimbo
alikuwa ameandika neno moja:

mlinzi.